Je, Fazaa ya Ghafula Ni Upungufu wa Imani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, huulizwa masala hii: mtu yu safuni, hana adui wa kumtisha, mara moyo wamwenda mbio, pumzi zamwishia, mikono yamfa ganzi, kijasho chembamba chamtoka, na nafsi yamwambia kuwa ndiyo saa ya kufa. Haipiti nusu saa, amekuwa mzima. Baadhi ya watu humwambia kuwa imani yake ni pungufu.

Jawabu ni kuwa wamemdhulumu. Nabii Musa alipoiona fimbo yake yatikisika kama nyoka aligeuka akakimbia, naye yu katika kusemeshwa na Mola wake. Mtume wetu aliposhuka Hira akitetemeka, Bi Khadija alimfunika kwanza, kisha ndipo akamtuliza kwa maneno. Nasi twaanza kwa maneno, tena ya lawama! Mja huhisabiwa alichokichuma, na mapigo ya moyo wake hakuyachuma.

Wanazuoni wetu waliijua habari hii zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, na katika maradhi ya nafsi aliitaja fazaa kwa jina lake. Alishauri mtu aweke akiba ya fikira njema wakati wa utulivu, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya homa. Na Imamu Ghazali, nguzo ya madhehebu yetu, mwaka 488 (1095) alifungika ulimi akisomesha Baghdad, chakula kisimpite kooni, hata matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni ukashukia mwilini. Sisemi kuwa ilikuwa fazaa hii hii. Nasema ni nani atakayethubutu kumwita Ghazali mpungufu wa imani?

Sababu zake ni nyingi. Kuna tabia irithiwayo, kuna msiba, na kuna dhiki ya siku nyingi. Buni kali na mirungi huichochea. Tezi ya shingo ikizidi kazi huleta hali kama hiyo, na maradhi ya moyo pia, basi wa kwanza kuendewa ni tabibu. Tena kuna kitisho kilichoonwa kwa macho. Sisi wa Mikese hatuko mbali na Msamvu, ambako tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuteka petroli, moto ukalipuka, na waliokufa wakapita 100. Aliyeyaona hayo, harufu ya petroli tu yaweza kuurudisha mwili wake kule, ijapokuwa akili yamwambia kuwa yu salama.

Ama kusema ni pepo: majini wapo, hapana Mwislamu alikanushaye hilo. Lakini kuwapo kwao si ushahidi kuwa wao ndio waliolitenda jambo hili. Mbuzi keshachinjwa, fedha zimekwisha, na moyo ungali wenda mbio.

Ikimshika mtu, na ajue kwanza kuwa itapita. Ukali wake hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hushuka. Avute pumzi taratibu kwa pua, aishushe kwa muda mrefu zaidi, na dhikiri yake aifuatanishe na kushuka kwa pumzi. Kuhema mbio ndiko kuletako ganzi na kizunguzungu. Wala asiihame kila pahali ilipomshikia, kwani akihama sokoni leo na msikitini kesho, atabaki chumbani. Ikimrudia mara kwa mara, matabibu wanayo mazungumzo ya kutibu na dawa, na kutumia dawa hakupingani na kumtegemea Mungu.

Na katika sala: akizidiwa asiweze kusimama ila kwa mashaka makubwa, na akae. Aliye nyuma ya imamu yajuzu anuie kufarikiana naye, akamalize peke yake. Isipokuwa Ijumaa, katika rakaa ya kwanza haijuzu, kwa kuwa jamaa ni sharti yake; katika ya pili hapana ubaya. Na ajuaye kuwa humshika kwenye msongamano, na asimame karibu na mlango, wala jirani yake asimwulize kwa nini.