Mfalme wa Vita

Israeli waliomba mfalme awatangulie vitani. Samweli hakuwaficha: huyo huyo atachukua wana wenu, mashamba yenu, hata fungu la kumi la mifugo (1 Samweli 8). Wakamtaka vivyo hivyo.

Sisi tuliotoka Ituri twawaelewa. Tarehe 6 Mei 2021 Rais Tshisekedi aliweka Ituri na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi kwa siku 30. Wengi walishangilia, wala hatuwalaumu. Nani hakuchoka kukimbia mapanga? Majenerali wakawa magavana, raia wakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Siku 30 zikaongezwa, zikaongezwa tena, hata baada ya 2023. Mauaji hayakukoma.

Samweli alisema mapema, kabla ya taji. Kanisa nalo liulize mapema: hadi lini?

Jumapili tutawaombea raia waliohukumiwa na askari.