Neno Lililofungwa Kiooni

Mwanga hupenya kioo safi bila kuacha alama. Leza ya mipigo mifupi mno haifuati desturi hiyo. Mpigo wake hudumu kwa makumi au mamia ya femtosekunde tu, na femtosekunde moja ni kipande kimoja cha sekunde iliyokatwa vipande trilioni elfu moja. Lenzi ikiukusanya mpigo huo kwenye nukta moja ndani ya kioo, nguvu husongamana pale hata kioo kikaumeza mwanga ambao kwa kawaida kingeupitisha. Panabaki kijialama, na uso wa kioo haujaguswa. Nukta ikisogezwa juu, chini na kando, umbo la pande tatu huchorwa humo ndani.

Kundi la Peter Kazansky katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, huandika kumbukumbu kwa njia hii. Mwaka 2016 lilitangaza kwamba limekwisha kuhifadhi kiooni Biblia ya King James, Magna Carta na Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kwa makadirio yake, kisahani kimoja chaweza kubeba terabaiti 360 na kudumu mabilioni ya miaka.

Je, andiko takatifu likikaa humo bila msomaji, bado ni neno? Katika Phaedrus, kitabu cha Plato, Socrates analalamika kwamba maandishi, yakiulizwa swali, hurudia lilelile. Ya kiooni ni mabubu zaidi: bila hadubini na programu ya kuyafasiri, hata herufi hazipatikani. Vibao vya udongo vya Krete vyenye mwandiko wa Linear A vimedumu zaidi ya miaka 3,400, na alama zake zaonekana wazi. Lugha yake haijulikani mpaka leo. Udongo ulitimiza kazi yake. Waliotoweka ni wasomaji.

Dini zenye vitabu hazijawahi kuutegemea uimara wa vitu peke yake. Qurani imo misahafuni, lakini pia imo vifuani mwa mahafidhi, kila mmoja akiwa ameisoma mbele ya mwalimu. Wayahudi huzika gombo la Torati lililochakaa, na mwandishi hunakili jipya kwa mkono. Kilichodumu hapo ni mnyororo wa watu, si ngozi wala wino.

Hata hivyo kioo si bure. Hieroglifu za Misri zilikaa karne nyingi bila msomaji, kisha mtaalamu wa lugha Champollion akazifungua mwaka 1822, akisaidiwa na Jiwe la Rosetta, lenye andiko moja kwa hieroglifu na kwa Kigiriki. Kitu kigumu huweza kuusubiri mnyororo uliokatika uungwe tena, mradi kiachiwe ufunguo. Watu wa Southampton wanaelekea kulijua hilo: mwaka 2024, walipohifadhi jenomu ya binadamu kiooni, waliweka pia picha za kumwelekeza atakayekiokota.