Mwenye kuumba na deni lake

Wazee wetu wanasema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ile methali tuliisikia tangu utoto, na tunaichukua kama neno la ndani ya jamaa. Lakini katika miaka ya 1990, kule Uingereza, kampuni moja ya michezo ya ordinatere ilifikia ulizo lile lile kwa njia ingine: kama mutu anatengeneza kitu chenye kukua, chenye kuogopa na chenye kufa, iko na deni gani juu yake?

Kampuni hiyo iliitwa Millennium Interactive, mu muji wa Cambridge. Mwaka 1996 ilitoa muchezo wenye jina Creatures, kazi ya Steve Grand. Katika michezo mingi, mutengenezaji anaandika mapema kila kitu chenye mudogo wa muchezo atafanya. Grand alikataa njia hiyo. Alitengeneza kiumbe kidogo, Norn, chenye kutoka mu yai. Ndani yake aliweka ubongo wa kubuniwa wenye seli karibu 1,000, kemia ya mwili yenye kuleta njaa, uchovu na maumivu, na jeni zenye kutoka kwa baba na mama, zenye kuweza pia kugeuka wakati wa kuzaa. Muchezaji anafundisha Norn majina ya vitu. Akifanya vizuri, anamupapasa. Akikosea, anamupiga kofi. Norn anajifunza, anagonjwa, anazaa, anazeeka, anakufa. Kesho atafanya nini, hata Grand hakujua.

Mwaka 1997 studio ya Millennium iliuzwa kwa Sony, na wale wa Creatures wakabaki na kampuni yao, CyberLife Technology. Walitoa Creatures 2 mwaka 1998 na Creatures 3 mwaka 1999. Grand aliondoka mwaka 1999. Kampuni ikaitwa nyuma Creature Labs, na mwaka 2001 ikatoa Docking Station bila malipo, Norn akaweza kusafiri kwa intaneti kutoka ku mashini moja mupaka ku ingine. Mwaka 2003 ikafunga mulango.

Sasa njo jambo lenye kunisumbua. Kuna muchezaji aliyetesa Norn kwa makusudi na kuonyesha watu mateso hayo. Wachezaji wengine walikasirika sana. Wengine waliwachukua wale walioteswa ili kuwatunza. Nani alikuwa na haki?

Mumoja atasema: hesabu haiumie. Maumivu ya Norn ni namba yenye kupanda na kushuka, basi. Grand mwenyewe hakukubali neno hilo kwa urahisi: kwake uzima uko mu mupango wa vitu, hauko mu udongo wenye kuvitengeneza. Mimi siwezi kukata kesi hiyo. Lakini naona kwamba hatulazimike kuikata kwanza.

Nilipokuwa mutoto, tulifinyanga watoto wa udongo. Siku moja nilivunja wangu kichwa kwa furaha. Nkambo yangu hakuniambia kama udongo umeumia. Aliniuliza tu: «Mukono wako unajifunza nini?» Nilinyamaza. Na ule udongo haukulia hata. Norn, yeye, anakimbia mukono wenye kumupiga. Mwenye kuendelea kupiga mbele ya woga huo anazoea kuona woga na kutosimama. Mazoea hayo hayabaki mu ordinatere.

Lakini ndugu musomaji, kuna hatari ya upande wa pili pia. Mutu anaweza kulilia Norn usiku, na asubui akapita karibu na mutoto mwenye kulala inje ku soko, bila hata kumusalimia. Huruma yenye kuchagua kitu chenye kuzimika kwa kifungo ni huruma ya bei rahisi. Norn hataomba ada ya masomo. Hatakuuliza kwa nini ulimuzaa. Kama muchezo unatufundisha kulea, tuonyeshe matokeo mu lupango letu, kwa watoto wetu na wa jirani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mwenye kuumba kitu chenye kuogopa iko na deni: asikifanye chombo cha kufurahia mateso. Deni hilo ni dogo, lakini ni la kweli. Deni la muzazi ni kubwa kuliko lile, na halipimwe kwa mizani moja. Kampuni ya Cambridge ilifungwa mwaka 2003, na hakuna mutu wa kuilaumu kwa ajili ya Norn waliobaki. Muzazi, pesa ziishe ao zisiishe, hana ruhusa ya kufunga.