Majibu Mazuri Yaliyomponza

Palikuwa na mtu na shemeji yake huko Tanga, wote wawili wamewahi kupata shambulio la moyo wakanusurika. Mkubwa alikuwa na kisukari, mdogo hana. Siku moja wakapewa majibu ya damu kliniki. Lehemu mbaya ya mdogo, yaani LDL, ilikuwa milimoli 3.9 kwa lita; ya mkubwa 2.5. Mkubwa akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema: "Shemeji, mgonjwa ni wewe. Mimi damu yangu safi." Tangu siku hiyo hakugusa tena vidonge vyake vya kushusha lehemu, atorvastatini.

Alikuwa amesoma mstari mmoja tu. Mistari iliyofuata ilionyesha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ziko juu na lehemu nzuri, HDL, iko chini. Hivyo ndivyo damu ya mwenye kisukari inavyokuwa mara nyingi. Insulini isipofanya kazi sawasawa, ini humwaga mafuta zaidi kwenye damu, na chembe za LDL huwa ndogo na nyingi kuliko kipimo kinavyodokeza, zikapenya kuta za mishipa kwa wepesi. Tena hiyo 2.5 yenyewe haikuwa ndogo: mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka mgonjwa wa moyo, awe na kisukari au asiwe nacho, ashushe LDL chini ya 1.4.

Mdogo alimeza dawa kila usiku na kupima tena kila alipoitwa. Mkubwa, baada ya miezi kadhaa, aliamka alfajiri kijasho chembamba kinamtoka na pumzi hazitoshi. Kifua hakikumuuma, kwa kuwa kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na kuficha maumivu. Akadhani ni uchovu, akaomba chai ya tangawizi, akalala tena. Alipofikishwa hospitali jioni, sehemu kubwa ya misuli ya moyo ilikwisha kufa. Hakumaliza wiki.

Ndugu msomaji, ukiwa na ugonjwa wa moyo na kisukari pamoja, usijipime kwa karatasi ya mwenzako. Mwulize daktari kiwango chako wewe, trigliseridi na HDL zikiwemo. Majibu yakiwa mazuri, huenda ni dawa inayofanya kazi. Usiiache bila kuambiwa. Na ukiishiwa pumzi ghafla huku jasho likikutoka, usingoje kifua kiume. Nenda hospitali saa hiyohiyo.