Mwenzi Wako Akipoteza Kibali cha Kuishi: Chagueni Njia ya Kupita Wawili



Mama mmoja wa upande wa Shinyalu ameniletea swali, na najua si lake peke yake. Yeye ni Mkenya. Bwana yake ni Mganda, mzaliwa wa upande wa Mbale. Walifunga ndoa kanisani miaka mitano iliyopita, na Mungu amewajalia watoto wawili. Bwana alikuwa mwalimu katika shule ya binafsi, na ni shule hiyo iliyomwombea kibali cha kazi. Shule ikafungwa, kibali nacho kikaisha. Sasa mwalimu anashinda nyumbani, anaogopa hata kutoka kwenda sokoni.

Mama huyu amepata mashauri matatu. Wazee wa ukoo wanasema bwana atafutiwe kitambulisho cha Kenya kama mtoto wa marehemu mjomba. Bwana mwenyewe anasema afadhali arudi Uganda atafute kazi, mama abaki na watoto, na pesa zitatumwa. Kaka wa mama anasema waende Idara ya Uhamiaji, mama amwombee bwana yake ruhusa ya kukaa kwa jina lake. Hapo bwana amekataa kabisa. Anasema, "Mimi niandikwe kwamba nategemea mwanamke?" Mama anauliza, "Katekista, tufuate njia ipi?"

Mama, kabla hatujafika ofisini, twende kwanza kwenye Maandiko Matakatifu.

Ndoa mbili katika Matendo ya Mitume

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunakutana na mabwana na mabibi wa namna mbili. Sura ya 5 inatueleza habari za Anania na mkewe Safira. Hao walikuwa na umoja, tena umoja mkubwa. Walikaa chini, wakashauriana, wakapatana neno la kusema mbele ya Mitume. Lakini walipatana katika uongo, na uongo huo ukawaua wote wawili siku moja.

Sura ya 18 inatueleza habari za Akila na mkewe Prisila. Hao walikuwa wakikaa Roma. Kaisari Klaudio akatoa amri Wayahudi wote waondoke katika mji ule. Mpenzi msomaji, tazama vizuri: hii ni ndoa iliyopoteza ruhusa ya kukaa. Walifanya nini? Walifika Korintho wakiwa wawili, wakashika kazi yao ya kushona mahema, na nyumba yao ikawa makao ya Mtume Paulo. Baadaye Paulo anapoandika Waraka kwa Warumi anawasalimu tena huko Roma. Kumbe walirudi! Walipoteza mji, lakini hawakupotezana.

Basi jibu langu liko hapa: katika njia zote mtakazoonyeshwa, chagueni ile ambayo mnaweza kuipita mkiwa wawili na mkisema kweli. Kama njia inawataka mseme uongo, ni ya Anania na Safira, hata ikiwa fupi. Na kama inawatenganisha pasipo lazima, fikirini mara ya pili, hata ikiwa na pesa.

Kitambulisho cha marehemu mjomba

Nawaelewa wazee. Kwetu magharibi ya Kenya mpaka ulipita katikati ya ndugu. Wabukusu na Wagisu wanafahamiana, Wasamia na Wateso wako pande zote mbili. Hadi mwaka 1902 Mumias yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Hata imani yetu ilitujia kwa njia hiyo: Wamisionari wa Mill Hill waliofika Mumias mwaka 1904 na Mukumu mwaka 1906 walitoka upande wa Uganda. Kwa hiyo mzee akisema, "Huyu ni mtoto wetu," moyoni mwake haoni kama anadanganya.

Lakini undugu ni kitu kimoja, na kuandika jina la baba asiye baba yako ni kitu kingine. Hiyo ni kuvunja Amri ya Nane, tena ni kosa la jinai. Na uongo huo hauishii siku ile mbele ya naibu wa chifu. Mwalimu ana vyeti vya shule vya Uganda, je, atavionyesha kwa jina gani? Watoto wataandikwa ukoo gani? Cheti cha ndoa kinasema yeye ni Mganda, kitambulisho kitasema ni Mkenya wa kuzaliwa. Siku akitaka uraia kwa haki, karatasi zake zenyewe zitamshitaki. Katiba yetu, kifungu cha 17, inasema uraia wa kuandikishwa ukipatikana kwa hila unaweza kuondolewa. Na jirani mmoja akijua siri hiyo, mtakuwa watumwa wa jirani huyo maisha yenu yote.

Njia zilizo wazi

Wengi wetu hatujui kwamba sheria imebadilika. Katika katiba ya zamani, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakuwa na nafasi hiyo. Mama zetu wengi walilia kwa sababu hiyo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliwafanya mume na mke kuwa sawa. Baadaye ikaja Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Nizieleze njia moja moja.

Ya kwanza ni kibali kipya cha kazi. Hiki hutegemea mwajiri, kama kile cha kwanza. Mwajiri akiondoka, mnarudi pale pale mlipo leo. Ni njia halali, lakini msiijenge kama nyumba ya kudumu.

Ya pili ni pasi ya mtegemezi, ambayo Mkenya anaweza kumwombea mumewe au mkewe mgeni. Inamruhusu kukaa na jamaa yake. Haimruhusu kuajiriwa mpaka apate kibali cha kazi. Inawafaa hasa walio katika miaka ya kwanza ya ndoa.

Ya tatu ni ukaaji wa kudumu. Sheria ya 2011, kifungu cha 37, inampa nafasi ya kuomba mtu aliyekuwa katika ndoa na Mkenya kwa angalau miaka mitatu. Mwenye hati hii anaweza kukaa na kufanya kazi bila kibali cha kazi. Mama wa Shinyalu, ninyi mna miaka mitano. Mlango huu uko mbele yenu, nanyi mnazunguka nyuma ya nyumba mkitafuta dirisha!

Ya nne ni uraia. Ndoa ikifikisha miaka saba, mwenzi mgeni ana haki ya kuomba aandikishwe kuwa raia. Sheria inataka ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa, mume na mke wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba, na ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya kupata karatasi. Angalieni kwamba hata serikali inauliza swali ambalo padre huuliza kabla ya arusi: je, mnataka ndoa yenyewe, au mnataka kitu kingine kwa kupitia ndoa? Kanisa nalo linafundisha kwamba mtu akitamka maneno ya ndoa huku moyoni ameikataa ndoa yenyewe, hakuna ndoa hapo.

Kila mmoja apime pia upande wa kwao. Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa kufuata utaratibu wake. Tanzania kwa jumla haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, basi mume Mtanzania afikiri kwanza, kwa maana huenda ukaaji wa kudumu ukamfaa zaidi. Na kama mwenzi wako ni mkimbizi, asikimbilie kwenda ubalozi wa nchi aliyoikimbia kutafuta pasipoti kabla ya kuuliza ofisi ya wakimbizi, maana kitendo hicho chaweza kumharibia hifadhi yake.

Msikae mkijificha

Tangu mwaka 2014 Mganda anaweza kuvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho chake cha taifa. Wengine hufanya hilo kuwa mchezo: wanavuka leo, wanarudi kesho, wakidhani ni ukaaji. Huo ni ugeni, si ukaaji. Anayekaa nchini bila ruhusa anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kwa hiyo aliyepitisha muda asingoje kukamatwa. Nendeni wawili katika ofisi ya Uhamiaji, kama ile ya Kisumu, au Nyayo House, Nairobi. Chukueni pasipoti, kibali cha zamani, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Elezeni mambo yalivyo. Kuna pasi maalum ya muda mfupi ambayo afisa anaweza kumpa mtu anayetengeneza mambo yake. Lipeni ada ya serikali tu, mpate risiti. Anayewaambia, "Nipe pesa mkononi, nitamwona mkubwa," mwacheni aende zake. Kama jambo ni gumu, tafuteni wakili kabla ya kuweka sahihi.

Na ninyi mnaokaa pamoja bila ndoa, ng'ombe wametoka lakini hamjaandikisha mahali popote, mtaonyesha nini? Ofisi itaomba cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe. Lakini sitawaambia mkimbilie altare kwa sababu ya Uhamiaji. Njoni kwa sababu mnapendana na mnamtaka Kristo awe kati yenu, na cheti kitafuata.

Kwako bwana unayeona haya

Sasa naongea na baba. Ndugu yangu, neno "mtegemezi" limekuchoma. Nalifahamu jambo hilo, sisi wanaume wa huku tumelelewa hivyo. Kwa miaka yenu mitano, labda hutaihitaji pasi ile. Lakini hata katika ukaaji wa kudumu utasimama kwa sababu ya mkeo, na afisa atamwuliza yeye juu yako. Je, hilo ni aibu?

Siku ya arusi ulimpa mkono wa kuume, naye akakupa wake. Tangu siku hiyo kila mmoja anamtegemea mwenzake. Ukiugua, nani anakuamsha? Mtume Paulo katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, anawataka wote wawili wanyenyekeane kabla hajasema lolote kwa mke au kwa mume. Mtakatifu Yosefu mwenyewe, kichwa cha Familia Takatifu, alikaa Misri kama mgeni, na hakupungukiwa heshima. Aibu ya kweli ni watoto kumwona baba yao akiruka uani kila gari linaposimama barabarani.

Nalo shauri lako la kurudi peke yako silidharau. Kuna wakati njaa inalazimisha. Lakini Sheria ya Kanisa inasema kukaa pamoja ni wajibu na haki ya wanandoa, isipokuwa kuna sababu ya halali. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981, alitaja haki ya familia kuhama ikiwa familia, si vipande vipande. Ikiwa lazima uende, wekeni tarehe ya kurudiana. Au nendeni wote, kama Akila na Prisila. Mbale si mwisho wa dunia, na huko pia kuna altare.

Karatasi isiwe fimbo

Kwako mama, na kila Mkenya aliye na mwenzi mgeni, nina neno moja gumu. Siku ya ugomvi ulimi husema, "Nitakupigia polisi wakurudishe kwenu!" Usiseme hivyo hata kwa mzaha. Ukisema mara moja, mwenzako hatalala tena kama mume, atalala kama mfungwa. Kama anakupiga au anawadhuru watoto, hilo ni jambo jingine. Tafuta msaada wa chifu, wa polisi na wa paroko mara moja. Lakini kibali chake kisiwe kamba ya kumvuta shingoni.

Nanyi wanajumuiya, msinong'one. Mtu akipoteza kibali hajawa mwizi. Mtembeleeni, msindikizeni ofisini, wachangieni nauli. Mtu kushuhudia kwa kweli kwamba amewaona hawa wakiishi kama mume na mke ni tendo la huruma.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Je, kuna karatasi yoyote nyumbani mwetu tunayoiogopa? Kwa nini?
2. Je, nimewahi kutumia kabila, nchi au jina la mwenzangu kumwumiza?
3. Tukilazimika kuhama, tutahama pamoja?

Tuombe

Ee Yesu, uliyebebwa usiku kwenda Misri ukiwa mtoto, watazame mume na mke wanaoishi kwa hofu. Wape ulimi wa kweli mbele ya maafisa, na ulimi wa upole mbele ya wao kwa wao. Kwa maombezi ya Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, wafikishe nyumbani wakiwa wawili. Amina.