Kebo Ilikuwa Yangu

Jamaa aliyeniuzia ile kadi aliniuliza swali moja tu: "Boss, umejaribu kebo ingine?" Sikumjibu. Nilimwambia, wateja wengine wakisikia, kwamba wezi kama yeye ndio wanaoiharibia Luthuli Avenue jina. Akanirudishia shilingi 3,500 zangu bila kubishana.

Nyumbani nina kompyuta kuukuu inayotumia FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix. Ndani yake zimo picha za familia na sauti ya marehemu nyanya akisimulia mambo ya ujana wake. Nilitaka kuongeza diski ya pili, ili kila kinachoandikwa kwenye ile ya kwanza kiandikwe na huku pia. Nafasi za kuichomeka zilikuwa zimejaa, ndipo nikanunua kadi ya kudhibiti diski. Usiku wa kwanza tu mfumo ulianza kulalamika makosa ya CRC, kisha diski mpya ikapotea kabisa. Nikaandika zpool status, nikajibiwa DEGRADED.

CRC ni hesabu ya kuhakiki kwamba kilichotumwa ndicho kilichofika. Diski yenyewe huweka idadi ya makosa hayo ya njiani, kwenye kipengele namba 199 cha rekodi zake za SMART, na idadi hiyo huwa hairudi nyuma. Lakini haimtaji mkosaji. Inasema safari imeharibika, basi.

Nikaitoa diski kwenye kadi, nikaichomeka mahali pa kifaa cha kusomea DVD, nikitumia kebo ya kifaa hicho. Kimya. Hakuna kosa hata moja. Si ushahidi huo?

Wiki tatu baadaye nilinunua kadi nyingine, duka lingine. Makosa yakarudi usiku huo huo; namba ilitoka 41 hadi 67. Hapo ndipo nilipobadilisha kebo peke yake. Ikabaki 67. Nikaichukua ile kebo mbovu, nikaitumia bila kadi yoyote, namba ikapanda tena. Mara ya kwanza nilikuwa nimeondoa vitu viwili kwa pamoja, kadi na kebo, nikahukumu kimoja. Na kebo ilitoka kwenye boksi langu la vikorokoro, chini ya kitanda.

Kwa muda nilijitetea kwamba nilikosea kwa nia njema. Niliamini kweli kadi ni mbovu. Mtu atalaumiwaje kwa kuamini? Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford aliandika habari za mwenye meli aliyezizima shaka zake, akaamini kwa moyo wote kwamba meli yake chakavu ni salama, akairuhusu ing'oe nanga na abiria. Ikazama. Clifford anasema ana hatia, na angekuwa nayo hata kama meli ingefika salama, kwa sababu imani ile hakuwa na haki nayo.

Mimi nisingeua mtu, najua. Ila kujaribu kebo kungenichukua dakika kumi, na kwenda mjini kugombana kulinila asubuhi nzima. Kwa nini nilichagua safari? Nadhani ni kwa sababu kadi ilikuja na mtu wa kulaumiwa. Kebo ilikuwa na mimi tu. Nilipompata mwenye kosa niliacha kutafuta kosa.

Nimerudi Luthuli wiki iliyopita. Alinikumbuka. Kadi ile aliijaribu jioni hiyo hiyo kwa kebo yake, ikafanya kazi, akaiuza. Nikamwomba msamaha; dukani tulikuwa wawili tu. "Ni sawa boss," akasema, akaendelea kuchomelea kitu fulani. Siku ile walikuwepo wateja watano au sita. Mmoja alikuwa ameshika pesa mkononi, na niliposema neno wezi, alizirudisha mfukoni akatoka.