Mzee Eli na Kiti Chake



Twasoma katika 1 Samweli 4:15-18 kwamba mzee Eli, mwenye miaka 98 na macho yasiyoona, alianguka kutoka kitini, akavunjika shingo, akafa. Sura moja nyuma, kijana Samweli alilala karibu naye. Aliposikia akiitwa alimwendea mzee, mara tatu usiku ule ule. Siku ya kiti hatusomi kwamba palikuwa na mtu wa kumdaka.

Nawakumbuka wazee wetu wa hapa Pande. Katika hospitali za ng'ambo mgonjwa hutandikiwa mto mwembamba wenye waya, kitandani au kitini. Akiinuka, kengele hulia. Chombo kizuri, lakini betri huisha, waya huchomoka, na kengele inayolia ovyo huzoeleka hata watu wasiitike. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa kuzidisha kengele hizo wodini hakukupunguza kuanguka. Si ajabu: kengele haina mikono.

Basi, mwenye mgonjwa na alale chumba kile kile. Wazee wengi huinuka usiku kwa haja ndogo. Aulizwe kabla hajalala, na chombo kiwe karibu. Fimbo iwe mkononi, taa isizimwe, ndoo iondolewe njiani. Wako wanaonyamaza kwa kuogopa kuwasumbua watoto. Hao waambiwe mapema, tena mbele ya wajukuu, kwamba kuita si usumbufu. Na zamu zigawanywe. Asiachiwe binti mmoja kila usiku, ambaye alfajiri anatakiwa shambani.